Maji katika Petroli: Habari za Mafundi wa Motokaa, toka Zama za Debe hata Madinat Sultan Qaboos

Baina ya mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, hapa Maskati, na Mina al Fahal, bandari ambako mafuta ya Oman yalianza kusafirishwa tarehe 27 Julai, 1967, hapana masafa ya kuitwa safari. Mtu huteremka vilimani, akaipita Qurum, na kabla hajamaliza mazungumzo na aliyeketi naye huwa amekwisha fika. Kwa hivyo mgeni hustaajabu akiambiwa kwamba katika mtaa huu, uliojengwa miaka ya 1970 kwa ramani na kwa lami tangu siku yake ya kwanza, wamo wazee wasemao Kiswahili ambao hata leo hawaiamini petroli mpaka waione imetulia ndani ya chupa ya kioo. Wajukuu wao huwacheka. Lakini dhana ile si ya ukongwe wala si ya ubahili. Ni elimu, na elimu hiyo ina nasaba yake, na nasaba hiyo haikuanzia Maskati.

Ninalodai ni kuwa fundi wa motokaa hufunzwa na mafuta kabla ya kufunzwa na injini. Kila namna ya kuichukua petroli, ikiwa ni kwa debe, kwa pipa, kwa lori au kwa bomba, ilikuwa na uchafu wake makhsusi, na kila uchafu ulizaa namna yake ya kuuliza maswali pale motokaa inapokataa kwenda. Mwenye kutaka kujua kwa nini fundi wa zamani alianza kutazama pahali asipopatazama fundi wa leo, basi na aifuate petroli yenyewe njia iliyopita.

Motokaa za mwanzo zilipoteremshwa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, hapakuwa na pampu njiani wala tangi chini ya ardhi. Petroli ilikuja kwa meli, imetiwa katika madebe ya bati ya galoni 4, ambazo ni kadiri ya lita 18, na madebe mawili mawili yakafungiwa katika sanduku la mbao. Na kutoka ghalani yakachukuliwa kwa jahazi, kwa mashua, kwa rukwama na kwa vichwa vya mahamali mpaka kwa muuza duka, ambaye aliyauza pamoja na sukari na mchele. Debe likiisha mafuta halikutupwa. Lilitekewa maji kisimani, likapimiwa mahindi na mchele sokoni, likachemshiwa nguo, na lilipochoka kabisa likakunjuliwa likaezekewa banda. Wala si ajabu kuwa debe lililotekewa maji jana liliweza kurudi dukani leo kutiwa petroli, na kwamba aliyeinunua aliondoka na robo kibaba ya kisima ndani ya tangi lake asijue. Fauka ya hayo, bati lile lilikuwa jembamba, maungio yake yakipata kutu kwa hewa ya chumvi, na kutu ikamwagika humo humo ndani.

Aibu ya debe hilo haikuwa ya mwambao peke yake. Jeshi la Waingereza lililopigana katika jangwa la Libya wakati wa Vita Kuu vya pili lilichukua petroli yake katika madebe ya namna hiyo hiyo, na sehemu kubwa ikavuja njiani, hata askari wakawa wanaona ghanima bora kuliko nyingi ni makopo ya Kijerumani ya lita 20, yaliyoungwa kwa moto na yenye kifuniko kisichovuja. Makopo yale yakaigwa, na baada ya vita yakaenea dunia nzima, na Afrika ya Mashariki yakaingia nyuma ya kila lori la safari.

Dereva wa zama za debe hakumimina petroli bila ya kuichuja. Aliweka katika mdomo wa tangi faneli pana, na juu ya faneli akatandika ngozi laini ya kusugulia vioo, kwani ngozi hiyo ina sifa moja ambayo vitambaa havina: ikiloweshwa kwanza kwa petroli, huiachilia petroli ikapita na huyazuia maji yakabaki juu yake yamejikusanya kama lulu. Utingo ndiye aliyeishika ngozi hiyo, na utingo ndiye aliyepigwa makofi ikipotea. Wengi katika waliokuja kuwa mafundi wakubwa wa mwambao walianza kazi hapo, wakiishika ngozi juani na kutazama kinachobaki, na nadhani ndiyo sababu katika maisha yao yote lililokuwa likiwajia kwanza moyoni, motokaa ikizimika, ni tangi.

Huku Oman mambo yalikuwa mengine. Sultan Said bin Taimur, aliyetawala tangu 1932 hata 1970, hakupenda motokaa ziingie nchini mwake bila ya idhini yake, na mwisho wa utawala wake barabara ya lami haikuzidi sana kilomita 10. Watu wa mafuta walioteremka Duqm mwaka 1954 wakaelekea Fahud walikwenda juu ya changarawe na mchanga. Na Disemba 1955 Sultan mwenyewe alitoka Salalah kwa msafara wa motokaa akalivuka jangwa mpaka Nizwa, safari ambayo mwandishi James Morris aliyefuatana naye aliiandikia kitabu kilichotoka 1957. Misafara ya namna hiyo haikutegemea debe, bali pipa la galoni 44, yaani kadiri ya lita 200, lililo zito na madhubuti, na ambalo kila aliyeliona alidhani limekwisha maliza udhia wa maji.

Halikuumaliza, liliugeuza tu. Pipa lililosimamishwa wima juani huwa na ukingo kichwani, na ukingo huo hushika maji ya umande na ya mvua, ikiwa mvua imepata kunyesha. Mchana joto hupanua hewa iliyo ndani na kuisukuma nje kupitia kizibo kisichokaza vyema. Usiku baridi ya jangwa huifinya, na pipa likavuta pumzi, na linalovuta si hewa peke yake, bali na yale maji yaliyotuama juu ya kizibo. Kwa muda wa miezi pipa jipya kabisa, ambalo halikuguswa na mkono wa mtu, huweza kujitia maji lenyewe. Ndiyo maana waliojua hulilaza pipa ubavuni, vizibo vyake viwili vikae sawa sawa ubavu kwa ubavu chini ya usawa wa mafuta, na hawalitikisi siku ya kulifungua.

Kisha ukaja mwaka 1964, na Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari yakawatawanya watu kwa maelfu, wengine bara, wengine Kairo, Kuwait na Dubai. Na Sultan Qaboos aliposhika utawala tarehe 23 Julai, 1970, akawaita Waomani walioko nje warudi, wakarudi, na wengi miongoni mwao walikuwa wamezaliwa Unguja, Pemba, Mombasa, Tabora au Bujumbura na lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kiswahili. Habari zao zimekwisha simuliwa na wengi, nami sitazirudia. Lakini liko jambo moja lihusulo habari yetu ambalo aghalabu hupitwa. Waliotoka Mombasa walitoka katika mji uliokuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta tangu 1963, pale Changamwe, na waliotoka Dar es Salaam waliacha nyuma yao kiwanda cha TIPER kilichoanza kazi 1966. Na nchi za miji hiyo miwili wakati ule hazikuwa na hata kisima kimoja cha mafuta kinachouza. Wakaja Oman, nchi yenye visima, ambayo iliuza mafuta yake ghafi ulimwenguni na kuinunua petroli yake kutoka nje, kwani kiwanda cha Mina al Fahal hakikufunguliwa mpaka 1982. Mpaka mwaka huo, basi, petroli iliyotiwa katika motokaa mpya mpya za Madinat Sultan Qaboos ilikuwa imesafiri baharini, ikapakuliwa, ikahifadhiwa, ikachukuliwa tena kwa lori katika barabara ambazo nyingine zilikuwa bado vumbi. Na aliyeielewa petroli iliyosafiri ni yule aliyepata kuishika ngozi juu ya faneli.

Fundi huyo alikuwa na utaratibu wa kuuliza, nao unastahiki kuandikwa kwa kuwa leo hauandikwi popote. Alifanya kama kadhi mwenye akili, ambaye hamfungi mtu kwa kelele za mshitaki, bali huwaita mashahidi mmoja mmoja na kumsikiliza kwanza yule aliye karibu na tukio. Swali lake la kwanza halikuhusu injini hata kidogo: motokaa ilitiwa mafuta lini, na tangu kutiwa ilikwenda masafa gani kabla ya kuzimika? Motokaa iliyozimika baada ya mwendo mfupi tangu kutiwa mafuta ina dhana moja. Iliyokwenda siku kadhaa na kuanza kukohoa inapopanda mlima au inapokata kona ina dhana nyingine, kwani hapo huenda maji yamo tangini tangu zamani, yamelala chini kwa uzito wake, nayo hufika kwenye mdomo wa bomba pale tu yanapotikiswa.

Baada ya hapo alichomoa plagi. Plagi ikiwa kavu, petroli haifiki, na shauri ni la bomba, filta au pampu. Ikiwa imelowa petroli na haitoi cheche inapolazwa juu ya chuma cha injini na stata kupigwa, shauri ni la umeme, wala hapana haja ya kuigusa kabureta. Lakini ikionekana na tone la maji baina ya ncha zake, basi shahidi amekwisha sema. Kisha alitia petroli kidogo kiganjani. Petroli safi hukauka upesi, mkono ukabaki na ubaridi na ukavu. Iliyochanganywa na mafuta ya taa au dizeli huacha utelezi, na tone lake juu ya karatasi nyeupe huacha doa ambalo haliondoki. Na mwisho ile chupa: akaijaza petroli kutoka chini ya tangi, akaiweka kivulini, akanywa kahawa yake bila ya haraka. Petroli ina uzito upatao robo tatu tu ya uzito wa maji, kwa hivyo maji huteremka na kuchora mstari ulio dhahiri chini ya chupa, na hapo hata mwenye motokaa asiyejua kitu huona kwa macho yake na haulizi tena kwa nini atozwe fedha.

Land Rover za zamani zilirahisisha kazi hiyo, kwa kuwa pampu yake ilikuwa na kikombe cha kioo ambacho maji na takataka zilionekana humo bila ya kufungua kitu. Sijui ni hikima gani iliyowafanya watengenezaji wa baadaye wakifiche kikombe hicho ndani ya chuma.

Kosa kubwa la wanafunzi, na wengi wa waliojifunza kazi katika motokaa mpya hulifanya, ni kuanza mbele na kurudi nyuma. Injini haiendi, kabureta iko mbele ya macho, basi kabureta hufunguliwa, jeti zake zikasafishwa, ikafungwa, motokaa ikawaka, na fundi akapokea ujira. Na kabla mwenyewe hajafika kwake, uchafu uliobaki tangini umekwisha safiri na kuziba jeti zile zile. Waliofunzwa na debe walianza tangini. Walifungua kizibo cha chini alfajiri, kabla motokaa haijatikiswa, maana usiku kucha maji yamepata wasaa wa kushuka, na kilichotoka kwanza ndicho kilichotakiwa kitoke. Kisha bomba likapulizwa, filta ikabadilishwa, pampu ikaoshwa, na kabureta ikawa ya mwisho. Na jeti zilipulizwa kwa mdomo au kwa pampu ya baiskeli, hazikuchokonolewa kwa waya, kwa sababu tundu la jeti limepimwa, na waya ukilipanua hata kwa unywele mmoja motokaa itakunywa mafuta umri wake wote. Ikiwa tangi lina kutu, lilishushwa, likatiwa changarawe na kutikiswa mpaka likatoa weusi wake. Na tangi la kuchomelewa lilijazwa maji kwanza mpaka karibu na tundu, kwani mvuke wa petroli katika tangi tupu ni hatari kuliko petroli yenyewe, na wako waliolipa roho zao kwa kulisahau hilo.

Maskati, hata hivyo, iliwafunza jambo ambalo Unguja haikuwafunza. Katika miezi ya joto kali, motokaa ya kabureta hukohoa, ikazimika barabarani, ikakataa kuwaka, dalili zikafanana kabisa na za petroli yenye maji. Fundi akafungua, akapuliza, akafunga, nayo ikawaka, naye akayakinisha kuwa ameitibu, kumbe haikuwa na ugonjwa huo. Ni kwamba petroli imechemka ndani ya bomba lipitalo karibu na injini, na pampu iliyoumbwa kusukuma kimiminika ikawa inasukuma povu. Dawa yake ni kitambaa kilicholowa maji kuwekwa juu ya pampu, na subira. Njia ya kuzipambanua hali hizi mbili ni kuingojea motokaa ipoe bila ya kuigusa: ikiwaka yenyewe, ilikuwa joto, isipowaka, rudi tangini. Naona hapa ndipo elimu ya mwambao na elimu ya Ghuba zilipooana, na mafundi waliozijua zote mbili walikuwa na cheo mitaani ambacho hakikuandikwa katika vyeti.

Zama zilipopita na petroli ikaanza kutoka Mina al Fahal yenyewe, maji yalipungua, na wasiwasi ukapungua pamoja nayo. Afrika ya Mashariki, kinyume chake, uchafu uligeuka ukawa wa kusudi. Mafuta ya taa, kwa kuwa ni mwanga na moto wa maskini, yalitozwa ushuru mdogo kuliko petroli na dizeli, na tofauti hiyo ya bei ikawashawishi wachakachuaji kuyamimina katika mafuta ya motokaa kwa malori mazima. Hapo chupa ya mzee haikufaa tena, maana mafuta ya taa hayajitengi na petroli; huchanganyika nayo kabisa, yakaacha tu injini igonge, ipate joto, itoe moshi na kuchelewa kuwaka asubuhi. Tanzania, kwa mamlaka yake ya EWURA, ilianza mwaka 2010 kuyatia mafuta alama ya siri ambayo hupungua kipimo chake yakichanganywa, na mwaka 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa. Kenya nayo ikayatoza mafuta ya taa shilingi 18 kwa kila lita mwaka 2018. Shughuli iliyokuwa ya fundi na kiganja chake ikawa ya serikali na maabara, na dawa ilikuwa kali, kwani aliyelipa sehemu kubwa ya ushuru ule ni mwenye koroboi, wala si mwenye motokaa.

Maji yalirudi Maskati Juni 2007, na safari hii hayakurudi kwa matone. Tufani ya Gonu ilileta mafuriko yaliyoteremka mabondeni, na Qurum pamoja na sehemu za Al Khuwair, jirani za Madinat Sultan Qaboos kwa mashariki na magharibi, zikajaa maji na matope, motokaa zikaelea na kupandana. Walionusuru motokaa zao ni wale ambao, kabla ya kugusa ufunguo, walimwaga tangi, oili na kila kimiminika kilichoweza kumwagwa. Waliopiga stata kwanza ili kujaribu tu bahati yao, maji yaliyokuwa ndani ya silinda, ambayo hayafinyiki, yakazipinda konrodi.

Sasa gereji za Wadi Kabir na Ghala zimejaa mafundi hodari kutoka Bara Hindi, na karibu kila mmoja ana chombo cha kusomea kompyuta ya motokaa. Mimi sina ugomvi na chombo hicho. Katika motokaa zenye nozeli husema kweli nyingi. Lakini motokaa nyingi za miaka ya 1980 hazina kompyuta ya kusomwa, na hata ile iliyo nayo huweza kusema tu kwamba injini inakosa mafuta ya kutosha, haisemi kwamba iliyopewa ni maji. Jirani yangu ana Land Cruiser ya zamani ya kabureta ambayo haitoki ila Ijumaa. Ilipokataa kwenda, ilibadilishwa plagi, koili, kisha pampu, na kituo cha mafuta kikalaumiwa kwa maneno makali. Mzee mmoja wa mtaani, aliyejifunza kazi Unguja, hakufungua boneti. Alizunguka nyuma akakishika kifuniko cha tangi, akakuta mpira wake umepasuka kwa jua, akauliza nani anaiosha motokaa hii na kwa mpira wa maji au kwa ndoo. Inaoshwa kila wiki, kwa mpira wa maji. Kesho yake alfajiri kizibo cha tangi kilifunguliwa, na kilichotoka kwanza kilikuwa maji matupu. Pampu ya zamani, iliyokuwa nzima, ikarudishwa mahali pake, na ile mpya bado imo katika boksi lake kwa kuwa muuza vipuri amekataa kuipokea.